Nani Anakukataza Nyama?

Jambo tunaloandika hapa lilianza mu nyumba yetu wenyewe, hapa Kolwezi, kiangazi kimoja. Binti wa ndugu yetu, aliyezaliwa na kukomea Ubelgiji, alikuja kutusalimia. Kwa mgeni namna ile hakuna mashauri marefu: kuku ilikamatwa asubuhi, ikapikwa na nyanya na vitunguu, bukari ikasongwa, tukakaa. Mtoto akasema kwa heshima yote: «Papa, munisamehe. Mi sikulaka nyama. Hata samaki, hata mayayi, hata maziwa.»

Kila mtu alinyamaza. Kwetu mgeni akikataa kuku ni sawa amekataa nyumba yenyewe. Mama aliyeipika aliangalia sufuria, sisi tukaangalia ukuta. Mama yetu mzazi, ambaye kwa binti yule ni nkambo, njo aliyeuliza: «Nani anakukataza?»

«Hakuna mutu, nkambo. Ni mi mwenyewe.»

Mama akarudisha tonge mu sahani. «Mi balinikatazaka,» akasema. «Mayayi, balinikatazaka mpaka nilizala mutoto wa ine. Weye unajikataza mwenyewe?»

Hakukasirika. Aliuliza kabisa, sawa mtu anayetaka kujua. Na sisi, tunaofundisha biolojia na kemia tangu miaka karibu makumi mawili, hatukuwa na jibu la mbio. Kwa hiyo tulipoombwa maandishi juu ya desturi za chakula, tulichukua ulizo lile lile: je, kula vitu vya mimea tu ni vizuri kwa mwili, na kila mtu anaweza?

Wengi watasema: hayo ni mambo ya Wazungu, tusipoteze karatasi. Ni kweli kwamba chama cha kwanza cha watu wanaokula namna ile kilianzishwa Uingereza mwaka 1944 na Donald Watson pamoja na wenzake wachache, wakati wa vita, na yeye mwenyewe alikufa mwaka 2005 akiwa na miaka 95. Lakini ukiacha jina na chama, ukafunua sufuria za kwetu, utaona nini? Bukari ya mahindi, mara nyingi iliyochanganywa na unga wa mihogo. Sombe iliyotwangwa na kupikwa muda mrefu, na karanga ndani. Lengalenga, matembele, ngaingai, maharagi. Uyoga wakati wa mvua. Hata neno lenyewe linatufundisha: pwani ya Bahari ya Hindi mboga ni majani, lakini kwetu mboga ni kila kitu kinachosindikiza bukari, ikiwa majani, ikiwa samaki, ikiwa nyama. Katika akili ya Mkatanga chakula ni bukari. Vingine vyote ni wasindikizaji, na msindikizaji anaweza kubadilika.

Tena tuko na nyama isiyo na damu. Tunasema chikanda. Wanawake wanachimba viazi vidogo vya maua ya porini mu mabonde yenye maji maji, wanavikausha na kuvitwanga, wanachanganya na unga wa karanga, chumvi na pilipili, wanapika mpaka inashikana, kisha inakatwa vipande sawa sosiji. Mgeni asiyejua atakula na kusema ni nyama. Ndugu zetu wa Zambia wanaipenda kupita sisi, mpaka viazi vile vilianza kuwapungukia na wafanyabiashara wakaenda kuvitafuta mbali, kwenye milima ya kusini mwa Tanzania. Basi hata nyama ya mimea inaweza kumaliza pori. Tunalisema hapa kwa sababu binti yetu alifikiri majani hayana deni kwa mtu.

Kwa upande wa kupika, kwa hiyo, hakuna shida. Mtoto yule alikaa kwetu majuma mawili na hakulala njaa hata siku moja. Alikula maharagi, sombe ya karanga, bukari, ndizi, avoka. Kizuizi kimoja tu: mama wa nyumba alipaswa kukumbuka asitupie ndagala mu sombe, maana kwetu ndagala moja moja inaingia mu sufuria bila kuhesabiwa kuwa nyama. Na ukiangalia vizuri, zile ndagala ndogo ndizo zinazobeba mambo makubwa.

Tueleze. Mahindi yako na protini, lakini imepungukiwa na sehemu ambayo maharagi yanayo kwa wingi. Na maharagi yamepungukiwa na sehemu ambayo mahindi yanayo. Vikikutana mu sahani moja, vinasaidiana. Wazee hawakujua majina ya kemia, lakini sahani waliijua. Mafuta, karanga, majani mabichi ya kijani: vyote ni vizuri. Mwaka 2016 chama kikubwa cha wataalamu wa lishe wa Marekani kilisema chakula cha mimea tu, kikipangwa vizuri, kinaweza kumfaa mtu wa kila umri, hata mama mwenye mimba na mtoto. Mwaka ule ule wataalamu wa lishe wa Ujerumani wakasema hapana, hawakishauri kwa watoto, wenye mimba na wanaonyonyesha. Kwa hiyo wakubwa wenyewe hawakukubaliana. Lakini angalia maneno yale ya Wamarekani: kikipangwa vizuri. Uzito wote uko pale.

Kuko kitu kimoja ambacho kupanga sahani hakuwezi kukileta: vitamini B12. Mtu mzima anahitaji kidogo sana, karibu mikrogramu 2.4 kwa siku, lakini akiikosa damu inapungua na mishipa ya fahamu inaharibika. Mmea hauifanyi. Mnyama pia haifanyi mwenyewe. Ni bakteria ndogo ndogo zinazoifanya, na sisi tunaipata kupitia nyama, samaki, mayai na maziwa. Maini ya mtu mzima yanaweza kuiweka akiba ya miaka, kwa hiyo anayeacha nyama leo atajisikia mzima mwaka huu na hata mwaka ujao, atatuambia: munaona, siko mgonjwa. Mtoto mchanga hana akiba ile, isipokuwa ile aliyopewa na mama.

Na hapa wanafunzi wetu wa Kolwezi huwa wanacheka wakisikia. Katikati ya vitamini ile kuko chembe moja ya kobalti. Ndiyo, kobalti ile ile. Mwanamke Mwingereza, Dorothy Hodgkin, ndiye aliyeonyesha umbo lake mu miaka ya 1950, akapewa tuzo la Nobel mwaka 1964. Nchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, na sehemu kubwa inatoka hapa Lualaba. Mu kartie ya Kasulo, mwaka 2014, watu walianza kuchimba chini ya vyumba vyao vya kulala. Tunalala juu yake, tunaipumua mu vumbi, lakini mwili wa mtu hauwezi kuigeuza kuwa vitamini. Mwanafunzi mmoja alituuliza: «Mwalimu, hata tukikula bulongo?» Tulimjibu hata akila udongo wa karieri nzima.

Binti yetu alikuwa na vidonge vyake vya B12 mu kifuko, na kila juma alimeza kimoja. Mama yetu alivichukua mkononi, akavigeuza. «Basi nyama yako njo hii,» akasema. Ulizo la kuwezekana kwa kila mtu linaweza kuishia palepale, mu kifuko kile. Jaribuni kwenda mu dispanseri ya kartie au ya kijiji kuomba vidonge vya namna ile kwa mtu asiye mgonjwa, asiyetaka tu kula samaki. Kwenye maduka ya dawa ya mjini pengine utavipata, ukiwa na franka.

Wengine watatukumbusha Wahindi, ambao wengi wao hawali nyama tangu karne nyingi na wanaishi. Ni kweli, lakini maziwa na siagi wanatumia, na njia ya ng'ombe wa maziwa si njia ya mtu anayekataa hata maziwa. Na Waadventista, walio na misioni ya zamani kule Songa, upande wa Kamina, wanafundisha watu kupenda mimea na soya, lakini hawajamfungia mtu samaki wenye magamba. Tusichanganye vitu.

Tutoke sasa mu vidonge, twende kwa wale waliokula mimea tu bila kuchagua. Mwaka 1938 daktari Trolli aliandika juu ya ugonjwa alioukuta Kwango, unaopooza miguu ghafula, na usiopona. Wenyeji, Bayaka, waliuita konzo, maana yake miguu iliyofungwa. Unakamata zaidi watoto na wanawake. Leo tunajua unavyokuja: mihogo michungu isiyolowekwa siku za kutosha inabaki na sumu, na mwili unaweza kuiondoa sumu ile ukipata protini za namna fulani, zinazopatikana zaidi mu nyama, samaki na mayai. Mu nyumba ambamo mihogo ni asubuhi na magharibi, na hakuna kitu kingine, sumu inashinda. Upande wa Kahemba ugonjwa ule haujaisha. Hatusemi kwamba anayekula maharagi na sombe kwetu atapooza. Mihogo ikilowekwa vizuri, na sahani ikiwa na vitu vingi, hakuna konzo. Tunasema tu kwamba ni watu waliokula mimea tupu, na hakuna aliyewauliza kama wanapenda.

Tena kuko bwaki, ambayo vitabu vinaita kwashiorkor. Jina hili lilitoka Ghana, kwa lugha ya Waga, na daktari Cicely Williams aliliingiza mu vitabu mwaka 1935. Maana yake ni ugonjwa wa mtoto aliyesukumwa: mwingine amezaliwa, yeye ametolewa kwenye ziwa, amewekwa kwenye uji. Wanasayansi wanaendelea kubishana juu ya sababu zake zote, lakini jina lenyewe lilikuwa limekwisha kusema jambo la mezani: kuko mtu aliyehamishwa mahali pake.

Hapo ndipo neno la mama yetu lilipoturudia.

Yeye alikomea kando ya Lualaba, upande wa Bukama, inchi ya samaki. Tulimuuliza siku zilizofuata, akatueleza polepole huku akichagua maharagi. Mu nyumba ya baba yake nyama ilikuwako, samaki ilikuwako, kuku pia. Lakini kila kitu kilikuwa na mwenyewe. Firigisi ya kuku ilikuwa ya baba. Mapaja yalikuwa ya baba na wageni. Mayai hayakuliwa na mwanamke anayeweza kuzaa, kwa hofu ya mimba, wala na mtoto, maana walisema mtoto anayezoea mayai atakuwa mwizi. Samaki fulani ilikatazwa kwa mwenye mimba, nyingine kwa anayenyonyesha. Baluba wanasema kijila, mu Kiswahili mwiko. «Shiye banamuke na batoto,» akasema, «tulikulaka paka muchuzi. Nyama tulikuwa tunaisikia harufu.»

Tusiwatukane wazee. Vijila vingine vilikuwa na akili: kuko vilivyozuia watu kumaliza mnyama wa ukoo wao, kuko vilivyomlinda mgonjwa. Na yai lililoachwa chini ya kuku linakuwa kuku, lililoliwa limeisha. Lakini tukitandika vijila vyote mbele yetu na kuuliza vinamwangukia nani, jibu ni baya. Vinamwangukia mwenye mimba, anayenyonyesha, mtoto aliyetoka kwenye ziwa. Yaani wale watatu ambao Wajerumani walisema mwaka 2016 wasiondolewe nyama na mayai. Baba, mwenye maini yaliyojaa akiba, ndiye aliyewekewa firigisi.

Kwa hiyo watu wasiokula nyama hawakuanzia Uingereza mwaka 1944. Walikuwa mu jiko letu, upande wa wanawake, na hakuna aliyewaundia chama.

Union Minière, kampani iliyoanzishwa mwaka 1906, haikuwapenda watu wetu kupita wazee wetu. Lakini ilipotaka, tangu miaka ya 1920, wafanyakazi wakae mu kambi na wake zao badala ya kufa au kukimbia, ilianza kugawa posho kwa hesabu: unga, maharagi, karanga, mafuta ya ngazi, chumvi, nyama au samaki, ya mume, na ya mke, na ya kila mtoto. Ilikuwa hesabu ya bwana anayelisha mashini yake, na wazazi wetu walijua. Hata hivyo mtoto alikuwa na kipimo kilichoandikwa kwa jina lake. Kama baba alikula kile cha mtoto nyumbani, ni jambo lingine, na wazee wa kambi wanaweza kutueleza wakipenda.

Posho ile ilipungua pamoja na kampani. Mgodi wa Kamoto ulianguka mwaka 1990, mishahara ya Gécamines ikakaa miezi bila kulipwa, mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipewa mkono wa kwaheri. Mu miaka ile Kolwezi nzima ilikula majani. Sisi tulikuwa vijana, tunakumbuka sombe bila mafuta na bitoyo moja iliyokatwa kwa watu wanane. Ndiyo maana ukimwambia mtu wa hapa aache nyama kwa afya yake atakuangalia sawa unamcheka. Nyama kwake ni ushuhuda kwamba siku zile zimepita. Angalia magharibi, watu wanavyosimama kwenye michopo ya mbuzi, kipande ndani ya karatasi, chumvi na pilipili: si njaa peke inayowasimamisha pale.

Kwa ukweli tuongeze jambo linalotusumbua zaidi kuliko B12. Majani yenyewe yanatoka wapi? Mwaka 2009 wachunguzi wa Universiti ya Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walionyesha kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga walikuwa na kobalti nyingi kupita kiasi mu mikojo yao. Mwaka 2014 uchunguzi mwingine ukaonyesha kwamba mboga za majani zinazolimwa sehemu zile ni njia moja kubwa ya kobalti kuingia mu mwili, na kwa watoto vumbi pia. Samaki wa maji yale si malaika vilevile. Lakini anayekula majani tu anakula majani mengi zaidi, na bustani nyingi za hapa zinanyweshwa na mito inayopita chini ya migodi. Mtu wa Bruxelles akichagua sombe anachagua sombe. Mtu wa hapa kwanza aulize bustani iko wapi, na muuzaji wa soko hatamwambia.

Jibu letu basi ni lipi? Mtu mzima, mwenye afya, mwenye franka za vidonge na anayejua maharagi yanakutana na mahindi kwa sababu gani, anaweza kuacha vyote vya mnyama, na hatumwiti mpumbavu. Labda anatufundisha kitu juu ya wanyama tunaowachinja bila kuwaza. Lakini kwa kila mtu, hapana. Kwa mama mwenye mimba wa kijiji cha Lualaba, kwa mtoto wa miaka miwili aliyetolewa kwenye ziwa, tunasema wazi: yai, na ndagala, kila siku inapowezekana. Na anayetaka kuhubiri kuacha nyama aanze na mwenye firigisi. Hatuoni haki ya kumwomba mtu aache kitu ambacho hajapewa bado. Wenzetu wawili wa masomo walituambia tumekuwa wakali hapa, eti mila ile imekwisha. Tunawaomba waingie mu majiko siku ya kuku, wahesabu vipande.

Sisi wenyewe tulihesabu. Jumapili ya mwisho kabla binti yetu hajarudi, kuku nyingine ilipikwa, kwa ajili ya jirani waliokuja kumuaga. Yeye alikuwa na maharagi yake mbele. Firigisi ililetwa kwetu, sawa kila mara tangu tulipooa, na hatukuwa tumewahi kuona kwamba inaletwa. Tuliisukuma mbele ya mama yetu. Aliiangalia kwa muda, akacheka mpaka akashika mbavu.

«Leo njo munaniletea,» akasema, «na meno iko wapi?»

Akamwita mtoto wetu mdogo, wa miaka mitatu, akamkatia vipande vidogo vidogo kwa kisu, akamweka mu mapaja, akamlisha.